Dalili ipi uifuate unapochagua neno la kujaza pengo

Una sentensi yenye pengo na maneno manne ya kuchagua. Mawili unayatupa papo hapo. Yanabaki mawili, na hapo ndipo kazi inapoanza, maana yote mawili yanaelekea kuingia. Ushauri unaotolewa kila mara ni kwamba usome muktadha. Ni ushauri wa kweli, ila haukuelezi usome nini hasa. Muktadha si kitu kimoja. Ndani ya sentensi mna upatanisho wa kisarufi, mna viunganishi, mna ufafanuzi na mifano, mna maneno yaliyozoea kuandamana, mna adabu ya lugha. Nje yake kuna sentensi jirani, na pembeni kuna viungo vya neno lenyewe na kamusi. Dalili hizi hazina nguvu sawa, na ile iliyokuokoa kwenye swali la kwanza inaweza kukupoteza kwenye swali la pili.

Ninachoshikilia ni hiki: kabla hujaanza kusaka dalili kwenye sentensi, yatazame kwanza yale maneno yanayoshindania pengo, ujiulize yanatofautiana kwa lipi. Yakitofautiana kwa ngeli au kwa umbo la kitenzi, sarufi itakata shauri. Yakitofautiana kwa maana, mwamuzi ni kiunganishi. Yakiwa visawe, tazama jirani zake na mahali yanaposemwa. Wengi huanza upande wa pili: wanaisoma sentensi mara tatu nne wakingoja ijieleze, na dalili wanayoiona kwanza ndiyo wanayoifuata.

Sarufi dhidi ya maana

Chukua sentensi hii: *Alileta ______ vipya vya kukatia kamba.* Machaguo yakiwa msumeno, nyundo, visu na mashine, huhitaji hata kujua kamba hukatwa kwa nini. "Vipya vya" vinadai nomino ya ngeli ya KI-VI katika wingi, na hapo ni visu tu. Lakini machaguo yakiwa visu, vijiko, vikombe na vitabu, sarufi haina la kusema tena, na "kukatia" ndilo linaloamua. Mtunzi makini wa mtihani hulijua hili, kwa hiyo huyapanga maneno yote manne kwenye ngeli moja. Ndiyo sababu naiweka sarufi mbele kwa kuondoa yasiyofaa, si kwa kuchagua linalofaa.

Pana mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Viumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA hata wakiwa na umbo la KI-VI, kwa hiyo *______ mmoja alisimama mlangoni* inampokea kijana au kiongozi sawasawa na inavyompokea mzee. Asiyelikumbuka hilo atamwondoa kijana bure. Sheria hiyohiyo, ukiijua, inakutenganishia maana mbili za neno moja. *Kiboko kilimpata mgongoni* ni habari ya mjeledi. *Kiboko alimkimbiza hadi ukingoni* ni habari ya mnyama. Neno halikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni kiambishi kwenye kitenzi.

Viambishi vidogo vya namna hiyo nawaomba wanafunzi wavitazame kwa karibu sana. Linganisha *alishinda njaa* na *aliishinda njaa*. Wa kwanza amekaa kutwa bila kula. Wa pili ameikabili njaa akaimudu. Tofauti yote imebebwa na kile kiambishi -i- kinachoirejelea njaa. Sasa weka pengo: *Kwa kuwa hakupata hata tonge, ______ njaa siku hiyo.* Anayetazama maneno mazito tu, yaani "tonge", "njaa" na "siku", hawezi kuchagua kati ya hayo mawili. Anayeuliza kila umbo linasema nini, na "kwa kuwa hakupata" kunaleta matokeo gani, ataandika *alishinda* bila wasiwasi.

Vivyo hivyo kwa kauli za vitenzi. *Kioo ______ na wezi* inataka *kilivunjwa*, kwa sababu mtenda ametajwa. *Kioo ______ chenyewe usiku* inataka *kilivunjika*, maana "chenyewe" kunamwondoa mtenda yeyote. Lakini usilikamate "na" peke yake ukadhani umefika. Katika *Kioo ______ na vipande vikatawanyika*, "na" inaunganisha matukio mawili tu, haimtaji mtenda. Soma kinachofuata baada ya "na": kama ni mtu au kitu kilichotenda, nenda kwenye kutendwa, kama ni tukio jingine, "na" haikuamulii kitu, na sentensi hiyo inapendelea *kilivunjika*.

Kiunganishi dhidi ya maneno mazito

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wanafunzi wanapopita mbio. Jicho hukimbilia nomino na vitenzi, kwa kuwa ndivyo vyenye picha. Kiunganishi hakina picha, kina kazi.

Tazama: *Ingawa alikuwa na mali nyingi, aliishi maisha ya ______.* Machaguo: anasa, dhiki, ukwasi. Maneno mazito "mali nyingi" yanavuta kwa nguvu kuelekea anasa na ukwasi. "Ingawa" inavuta kwingine: inasema kitakachokuja hakitatimiza ulichotarajia. Jibu ni dhiki. Ondoa "ingawa" uweke "kwa kuwa", usiguse kingine chochote, na jibu linageuka kuwa anasa. Neno moja dogo limeshinda nomino na sifa yake. Maneno mazito na kiunganishi vikivutana, mfuate kiunganishi kila mara.

Ila viunganishi vyenyewe havifanani, na kuviweka vyote kwenye fungu moja la "kinyume" ni kosa linalofundishwa sana. "Lakini" na "ingawa" huvunja matarajio. "Bali" hufanya kazi nyingine: huondoa neno moja na kuweka jingine mahali pake. *Hakuwa mchoyo bali ______* inaweza kuleta "karimu", na hapo inaonekana kama kinyume. Lakini *Hakuwa mvivu bali ______* inaleta "mgonjwa" kwa urahisi kabisa, na mgonjwa si kinyume cha mvivu. Ni maelezo mengine ya hali ileile iliyoonekana: mtu hafanyi kazi, na sababu uliyoidhania siyo. Kwa hiyo mbele ya "bali" usiulize kinyume cha neno ni nini. Uliza ni jambo gani lingeweza kudhaniwa kimakosa kuwa lile lililokanushwa.

"Lakini" nayo ina uzuri wake inapokaa kati ya vitenzi vya karibu. *Nilitazama kila upande, lakini ______ mtu yeyote.* Ukipewa sikumtazama na sikumwona, usichague kwa kusikiliza lipi linalia vizuri. Kutazama ni juhudi, kuona ni matokeo. "Lakini" inasema juhudi ilikuwepo na matokeo hayakuja, basi ni *sikumwona*. Kusikiliza na kusikia vina uhusiano huohuo, na jozi hiyo hutokea sana kwenye maswali.

Kuna "sembuse" pia, ambayo kwangu ndiyo dalili kali kuliko zote katika Kiswahili, kwa sababu inakupa mpaka ngazi. *Hawezi kubeba ndoo, sembuse ______.* Ukanushi umetangulia, kwa hiyo pengo linataka kitu kizito zaidi: pipa, si kikombe. *Mtoto anauinua mzigo huu, sembuse ______.* Sasa hakuna ukanushi, na pengo linamtaka mwenye nguvu zaidi: mtu mzima, si mtoto mchanga. Dalili ni ileile, lakini kilichopo kabla yake ndicho kinachoonyesha ukubwa unaotakiwa ni wa mzigo au wa uwezo. "Angalau" nayo hupima, ila huelekea chini: *Kama huwezi kumaliza yote, maliza angalau ______* inataka nusu au robo, haiwezi kutaka zaidi ya yote.

Ufafanuzi na mifano, yaani dalili zinazoletwa na "yaani", "kama vile", au mkato unaofuatwa na maelezo, ni rahisi na sitazikalia sana. "Yaani" hukupa maana yenyewe, ukipata sentensi yenye "yaani" shukuru uendelee. "Kama vile" hukupa kundi tu. *Walipiga ala kama vile zeze, marimba na ______* inakuambia utafute ala ya muziki, lakini haikuambii ipi. Walau inakutoa kwenye *ala* ya pili, ile ambamo kisu au jambia huhifadhiwa.

Sentensi inayosema dhidi ya sentensi iliyonyamaza

Hata dalili bora haisaidii kama sentensi haina. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani Isabel Beck, Margaret McKeown na Ellen McCaslin waligawa miktadha katika aina nne kulingana na msaada unaompa msomaji, na mgawanyo wao unafaa kabisa kwa Kiswahili. Tuseme hulijui neno "bahili".

*Ni bahili, fedha anazo tele, lakini hata punje ya chumvi haimtoki.* Huu ni muktadha unaoelekeza. Maana imewekwa mezani.

*Watu hawakupenda kumwomba msaada kwa kuwa alikuwa bahili.* Huu unaelekeza kwa jumla. Unajua ni sifa mbaya, lakini "mkali" na "mwenye dharau" pia wangeingia.

*Yule bahili alipita asubuhi akielekea kazini.* Hapa hakuna kitu. Mtu yeyote huenda kazini.

*Watoto walimkimbilia yule bahili huku wakimshangilia.* Huu unapotosha. Asiyelijua neno ataapa kwamba bahili ni mtu mkarimu.

Mwandishi wa hadithi ana haki ya kuandika sentensi zote nne, kwa sababu hakuandika ili afundishe neno. Mtunzi wa zoezi naye hulenga ile ya kwanza. Tofauti hiyo inaamua utumie muda gani. Kwenye zoezi, dalili ipo, itafute mpaka uipate. Kwenye kitabu, ukisoma sentensi mara mbili ukaona ni ya aina ya tatu, acha kuikamua. Nenda sentensi inayofuata, au fungua kamusi. Ukiikamua sentensi iliyonyamaza utapata maana uliyoitunga mwenyewe, nayo hung'ang'ania kichwani kuliko ile ya kweli.

Na sentensi jirani husaidia kweli, mradi maneno yake unayajua. Hu Hsueh-chao na Paul Nation, katika utafiti wao wa mwaka 2000 kwa wasomaji wa Kiingereza, walifika kwenye kadirio kwamba msomaji anahitaji kuyajua takriban maneno 98 kati ya kila 100 ili aielewe hadithi vizuri bila kusaidiwa. Ukiwa na mapengo matano katika aya fupi, dalili za pengo la kwanza huenda zimo ndani ya neno la pili ambalo nalo hulijui. Kwa mtu wa hali hiyo muktadha si chaguo zuri, hata asifiwe vipi. Kamusi kwanza.

Visawe: mazoea dhidi ya mantiki

*Baada ya kushindwa mahakamani, mdai ______ rufaa.* Alipiga, alikata, alivunja, alitia? Hakuna mantiki ya kukutoa hapa. Mtu hukata rufaa, hukata tiketi, hukata tamaa, hukata kiu. Hupiga kura, hupiga pasi, hupiga mbizi. Hutia saini na hutia nanga. Hula kiapo na hula njama. Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth alisisitiza mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa wenzake linaoandamana nao, na katika vitenzi hivi vya Kiswahili jambo hilo lina ukweli wa kipekee: mwenzake ndiye anayekipa kitenzi maana.

Kwa hiyo ukiona machaguo ni vitenzi vifupi vya kawaida kama hivyo, usichambue maana ya "kata". Tazama nomino iliyo karibu, ukumbuke inaandamana na nani. Kama hukumbuki, kuitazama sentensi zaidi hakutakupa jibu. Jibu liko kwenye usomaji wa miaka iliyopita, na dawa yake ni kujifunza vifungu hivyo vikiwa vizima, kamwe si neno mojamoja.

Pana visawe vingine ambavyo mantiki inavifaa. *Nili______ baiskeli yake nikairudisha jioni bila kutozwa chochote.* Kuazima na kukodi vyote ni kutumia cha mtu kwa muda. Kinachotenganisha ni malipo, na dalili imekaa mwisho kabisa wa sentensi: "bila kutozwa chochote". Ni *niliazima*. Ajazaye pengo kabla ya kufika nukta ameikosa. Katika jozi hiyo kumbuka pia kwamba mwenye mali hukodisha na mtumiaji hukodi; hapo ni suala la nani mtenda, si suala la malipo tena.

Halafu adabu. *Mbuzi wake wawili ______ kwa ugonjwa* inataka *walikufa*. *Walifariki* ina maana ileile lakini ni heshima tunayompa binadamu. Ng'ombe ana mimba. Mama ni mjamzito. Dalili hii haiko kwenye kiunganishi wala kwenye sarufi. Iko kwenye swali la nani anasemwa, na nani anasikiliza. Kwenye mtihani huulizwa kwa nadra, lakini kwenye maandishi ya kila siku ndiyo inayomfanya msomaji akunje uso.

Viungo vya neno dhidi ya muktadha

Kiswahili kinajengeka kwa viambishi, kwa hiyo kishawishi cha kulivunjavunja neno geni ni kikubwa. Ukilijua "patana" utakisia "mpatanishi" na utapatia. Lakini jaribu "komaa" kwa kulitoa kwenye "koma". *Mti umekomaa* ungekuwa mti ulioacha kitu fulani, ilhali maana yake ni kwamba umefikia upevu. Sura ya neno imekuvuta kwenye maana isiyo yake.

D. F. Clarke na Paul Nation, katika utaratibu wa kukisia walioutoa mwaka 1980, walianza na aina ya neno, wakaenda kwenye maneno yaliyo karibu, kisha muktadha mpana, kisha kisio, na viungo vya neno wakaviacha mpaka wakati wa kuhakiki. Naukubali mpangilio huo. Ukianza na viungo, unakuwa umeshaamua maana, na sentensi yote inayobaki unailazimisha iitii. Ukimaliza navyo, vinakuthibitishia au vinakushtua.

Muktadha dhidi ya kamusi

Wapo wanaosema kufungua kamusi ni uvivu, na wapo wanaoona kukisia ni ubabaishaji. Wote wanazilinganisha kama vitu vya kazi moja. Kamusi haikuchagulii. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya mwaka 2015, utafute "panda". Kuna kupanda mlima, kuna kupanda mbegu, kuna panda ya mti, kuna panda inayopulizwa. Kamusi imekuletea zote. Ni sentensi yako inayosema unataka ipi. Kwa upande wa pili, muktadha hukupa eneo la maana, kwa nadra hukupa mipaka yake. Ulikisia kwamba bahili ni mtu mbaya. Kamusi ndiyo itakayosema ubaya wenyewe ni wa mkono mgumu.

Wala usitegemee kwamba kukutana na neno mara moja kunatosha. William Nagy, Richard Anderson na Patricia Herman, katika utafiti wa mwaka 1987 kwa wanafunzi wa Marekani, walikadiria kwamba uwezekano wa kujifunza neno kwa kulikuta mara moja katika usomaji wa kawaida ni takriban 1 kati ya 20. Ni mdogo, ila anayesoma sana hukutana na maneno mageni kwa maelfu, na hapo hesabu hubadilika.

Uchague ipi, basi

Kwenye mtihani wenye machaguo, anza na machaguo, uondoe kwa sarufi, kisha umkabidhi kiunganishi yaliyobaki. Kwenye pengo lisilo na machaguo, anza na sarufi ya sentensi, kwa sababu huna maneno ya kulinganisha. Mapengo ya namna hiyo ndiyo aliyoyapendekeza Mmarekani Wilson Taylor mwaka 1953 ili kupima kama maandishi yanasomeka: maneno yanafutwa kwa mpangilio, kwa mfano kila la tano, na msomaji anayajaza kutoka kichwani. Hapo uliza kwanza pengo linataka nomino au kitenzi, umoja au wingi, ndipo uende kwenye maana. Ukisoma kwa starehe, kisia na uendelee. Rudi kwenye kamusi neno likijirudia au likiziba habari. Ukiandika, mambo yote hugeuka, kwa sababu sentensi ni yako: neno likikataa kukaa, huenda kinachotakiwa kubadilishwa ni "lakini" iliyo kabla yake.

Ukishachagua, lipe nafasi lile ulilolikataa. Sema kwa sauti sentensi ingebadilikaje ili nalo lifae. Kwa *aliishi maisha ya dhiki* jibu ni rahisi: anasa ingefaa kama pasingekuwa na "ingawa". Kwa *niliazima*: *nilikodi* ingefaa kama ungeandika "nikalipa nilipoirudisha". Ukiweza kukitaja kipande hicho, umeipata dalili. Usipoweza, rudi kwenye sentensi, maana bado unakisia.